Kizuri Chajiuza? Mawasiliano na Utafutaji wa Wateja katika Ukuaji wa Biashara ya Ukocha Nchini Marekani, 1912–2003

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imezoeleka katika mazungumzo ya biashara kiasi kwamba mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha anayependekeza matangazo: ukiona kitu kinapigiwa debe, shuku ubora wake. Kwa muuza maembe sokoni hoja hiyo ina mashiko. Embe huonekana, hubonyezwa na kunuswa, na mnunuzi huondoka akiwa amekwisha kujua nusu ya atakachokula. Kwa mtu anayeuza ukocha, yaani kazi ya kumsaidia mtu mzima kuboresha usemi, mwenendo au maisha yake kwa malipo, hali ni tofauti. Bidhaa yake haipo mpaka mteja awe amekwisha kulipa na kuanza kubadilika. Kabla ya hapo hakuna cha kubonyeza.

Insha hii inachunguza namna ugumu huo ulivyokabiliwa nchini Marekani kati ya mwaka 1912, Dale Carnegie alipofungua darasa lake la kwanza la kuzungumza mbele ya hadhira jijini New York, na mwaka 2003, alipofariki Thomas Leonard, mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuugeuza ukocha kuwa fani yenye shule na vyama. Hoja inayotetewa ni kwamba biashara hii ilikua kwa kumfanya mwanafunzi aliyekwisha kufundwa awe ndiye embe la kuonjwa. Mbinu hiyo ilikuwa na nguvu kubwa. Ilikuwa pia na gharama, nayo ilizidi kujitokeza kila kizazi kipya cha biashara hii kilipoirithi.

Neno lenyewe linahitaji maelezo mafupi. Kiswahili kimelipata neno "kocha" kutoka Kiingereza, na wasomaji wengi hulihusisha na kandanda. Asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likasambaa katika lugha za Ulaya, na kufikia miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford walilitumia kwa utani kumtaja mwalimu wa binafsi aliyelipwa kumbeba mwanafunzi hadi ng'ambo ya mtihani. Maana ya michezo ilifuata baadaye. Tangu mwanzo, basi, neno hili lilibeba dhana ya malipo pamoja na dhana ya mtu anayefikishwa mahali.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na wakufunzi wake wa maisha, kungwi na somo wakiwa mfano ulio dhahiri. Kungwi hakuhitaji kujitangaza, kwa kuwa mwari aliyemfunda aliishi mtaa uleule. Watu walimwona akiolewa, wakaona anavyokaa na watu, na sifa au lawama ikamrudia aliyemfunda. Methali ya kizuri chajiuza ni methali ya mtaa wa namna hiyo. Carnegie alifanya kazi katika jiji la watu wasiojuana, na tofauti hiyo inaeleza sehemu kubwa ya yafuatayo.

2.0 Muuzaji kabla ya mwalimu

Dale Carnegie alizaliwa mwaka 1888 huko Maryville, jimbo la Missouri, katika familia ya wakulima maskini. Jina la ukoo wake wakati huo liliandikwa Carnagey. Alisoma katika chuo cha ualimu cha Warrensburg akienda na kurudi kwa farasi kutoka shambani, kwa sababu wazazi wake hawakumudu kumlipia malazi mjini. Mashindano ya kuhutubia yalikuwa mojawapo ya njia chache ambazo kijana wa aina yake angeweza kupata heshima chuoni. Alishindwa mara nyingi kabla ya kuanza kushinda, na alipoanza kushinda, wanafunzi wenzake walimfuata awafunze. Wateja wake wa kwanza, ikiwa wanaweza kuitwa hivyo, walikuja kwa kuwa walimwona jukwaani akianguka na baadaye wakamwona akisimama. Hakuna tangazo lililohitajika. Chuo kilikuwa mtaa.

Hata hivyo hakuwa mwalimu mara moja. Aliuza kwanza masomo kwa njia ya posta kwa wafugaji wa Nebraska, kisha akaingia katika kampuni ya Armour, akizunguka Dakota Kusini kuuza nyama ya nguruwe, sabuni na mafuta ya kupikia kwa wenye maduka. Baadaye alihamia New York, akajaribu uigizaji, na uigizaji ulipomshinda akauza malori ya Packard, kazi ambayo kwa maelezo yake mwenyewe aliichukia.

Waandishi wengi wa maisha yake huipita miaka hii kama utangulizi wa jambo lenyewe. Inafaa kuiangalia kwa makini zaidi, kwa kuwa aina mbili za mauzo alizojifunza zilitofautiana sana. Mwenye duka anayenunua sabuni hutembelewa tena na tena. Muuzaji anayekumbuka jina lake na habari za mgonjwa wake nyumbani hujenga uhusiano unaodumu kuliko ubora wa sabuni. Masomo ya posta huuzwa mara moja, kwa mtu asiyejua atapata nini, na muuzaji akishaondoka harudi. Carnegie alifanikiwa katika aina ya kwanza na hakufanikiwa katika ya pili. Alipokuja kuuza mafunzo tena, aliyauza kama sabuni: uso kwa uso na kwa kurudiarudia.

3.0 Darasa la Mtaa wa 125

Mwaka 1912 Carnegie aliomba kufundisha jioni katika tawi la chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, lililokuwa Mtaa wa 125 jijini New York. Kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa tangu uhai wake, aliomba alipwe dola 2 kwa kila kipindi, na uongozi wa tawi ukaona kiasi hicho ni kikubwa mno kwa somo ambalo huenda lisipate watu. Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa apewe sehemu ya mapato, asilimia 80 baada ya kutoa gharama. Mtafiti hana budi kutambua kwamba simulizi hii ilienezwa na mtu aliyeishi kwa kusimulia, na inamfaa msimuliaji mno. Lakini hata ikipunguzwa chumvi, muundo wa malipo yenyewe ndio wenye uzito. Wanafunzi walikuwa watu wazima waliofanya kazi mchana, walilipa ada kwa mafungu, na aliyeona hafaidiki aliacha kuja na kuacha kulipa. Mwalimu asiye na mshahara aliliona kosa lake katika mfuko wake wiki ileile.

Shinikizo hilo lilizaa ugunduzi uliobeba biashara nzima. Katika kipindi cha kwanza Carnegie aliishiwa na la kusema. Akamwomba mwanafunzi mmoja asimame aeleze habari zake mwenyewe, kisha mwingine, na akagundua kwamba watu walioogopa kuhutubia walizungumza bila tabu walipoulizwa juu ya mambo waliyoyaishi, hasa yaliyowaudhi. Vitabu vya ufasaha vya wakati huo vilisisitiza sauti, mikono na kanuni za balagha. Carnegie aliviweka kando, akajenga kozi juu ya zamu fupi za kila mwanafunzi kila kipindi.

Kama mbinu ya ufundishaji, jambo hili limeelezwa sana. Kama mbinu ya kupata wateja, halijapewa uzito unaostahili. Darasa ambalo kila mtu husimama kila wiki ni darasa ambalo kila mtu humshuhudia mwenzake akibadilika. Karani aliyetetemeka wiki ya kwanza na kuchekesha watu wiki ya sita ni ushahidi mbele ya watu thelathini, na watu hao thelathini wana ofisi, wake, mashemeji na majirani. Carnegie alikuwa ameuunda upya, ndani ya chumba kimoja cha kukodi, ule mtaa ambao New York haikuwa nao.

Kozi ilienea katika matawi mengine ya YMCA. Mwaka 1915, pamoja na J. Berg Esenwein, alitoa kitabu juu ya sanaa ya kuhutubia. Mwaka 1916 alikodi ukumbi wa Carnegie Hall kwa mhadhara, na ukumbi ukajaa. Ni katika miaka hiyohiyo ya ukuaji alipobadili tahajia ya jina lake kutoka Carnagey kuwa Carnegie, sawa na la Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyeujenga ukumbi huo. Watu walikuwa wakilikosea jina la awali, na badiliko lilirahisisha mambo. Lilimpa pia sifa ambayo hakuitafuta kwa jasho lake, kwani wengi walidhani pana undugu. Hakuna sababu ya kumhukumu kwa ukali kwa hilo, lakini si sahihi pia kulitaja, kama wafuasi wake walivyozoea, kana kwamba lilikuwa suala la imla tu.

4.0 Maswali 156 na kadi isiyozidi kadi ya posta

Kufikia miaka ya 1920 Carnegie alikuwa ameona kwamba wanafunzi wake walihitaji kitu zaidi ya kuhutubia. Walihitaji kuelewana na watu: wakubwa kazini, wateja, wenzi wa ndoa. Uthibitisho ulitoka nje ya darasa lake. Chuo Kikuu cha Chicago, chama cha elimu ya watu wazima cha Marekani na shule za YMCA walifanya uchunguzi uliochukua miaka 2 na kugharimu dola 25,000 ili kujua watu wazima wanataka kujifunza nini. Sehemu ya mwisho ilifanyika Meriden, Connecticut, ambako watu wazima waliulizwa maswali 156. Afya ilikuja kwanza; ya pili ilikuwa namna ya kuelewana na watu na kuwavutia wakubaliane nawe. Waandaaji walipotafuta kitabu cha kufundishia jambo hilo la pili, hawakukipata.

Carnegie alisimulia habari hii katika dibaji ya kitabu chake, na ni wazi kwa nini aliipenda: ilionyesha hitaji lililopimwa na wengine, kabla bidhaa haijawepo. Lakini bidhaa yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kuota darasani. Ilianza kama kanuni chache zilizochapwa kwenye kadi isiyozidi kadi ya posta kwa ukubwa. Msimu uliofuata kadi ikawa kubwa zaidi, kisha kipeperushi, kisha vijitabu. Wanafunzi walipewa kanuni, wakazijaribu kazini na nyumbani, wakarudi kueleza yaliyotokea, na maelezo yao yakawa mifano ya toleo lililofuata. Kazi hiyo ilichukua takribani miaka 15. Tabia ya kumwacha mteja aseme, na kisha kuyauza maneno yake kwa mteja anayefuata, imeigwa na makocha wengi tangu hapo. Wachache wamekuwa na subira ya kuisubiri miaka 15.

5.0 Usiku wa Januari 1935

Mfano bora wa mbinu hii ni mkutano uliofanyika katika ukumbi mkubwa wa Hotel Pennsylvania, New York, Januari 1935. Habari zake zimehifadhiwa na Lowell Thomas, mtangazaji maarufu, katika utangulizi aliouandika kwa ajili ya kitabu cha Carnegie. Thomas hakuwa shahidi asiye na upande: Carnegie alikuwa amemsaidia kuandaa mihadhara yake, ikiwemo ile ya London mwaka 1919 juu ya vita vya Palestina na Uarabuni. Chanzo hiki, kwa hiyo, ni tangazo juu ya tangazo, na ndivyo kinavyopaswa kusomwa. Kwa mada hii kasoro hiyo ina faida, kwa kuwa kinaonyesha waziwazi walichotaka kionekane.

Siku 2 kabla, gazeti la jioni la New York Sun lilikuwa limechapisha tangazo la ukurasa mzima. Waliofika walikuwa watu 2,500. Viti vilijaa mapema na wengine wakasimama. Wakati huo nchi ilikuwa bado katika Mdororo Mkuu wa Uchumi; miaka 2 tu nyuma takribani robo ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira. 

Jambo la kushangaza ni nani aliyezungumza. Badala ya mwalimu kuhutubia, wanafunzi wake 15 walipangwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akapewa sekunde 75 kueleza kilichomtokea. Muda ulipokwisha, kinyundo kiligonga meza na msemaji akakaa. Walikuwepo mwokaji mikate, wanabenki, daktari wa meno, mfamasia aliyesafiri kutoka Indianapolis, na mwanasheria aliyetoka Havana ili ajiandae kwa hotuba ya dakika 3. Wa kwanza alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyesoma miaka 4 tu. Alipokuwa akiuza malori alikuwa na woga kiasi kwamba alipita mbele ya mlango wa ofisi mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuufungua. Usiku ule aliwachekesha watu 2,500.

Mpangilio huu unastahili kuchambuliwa kwa utulivu. Kila msemaji alikuwa sampuli ya bidhaa: kozi ilidai kufundisha watu wa kawaida kuzungumza, na watu wa kawaida walikuwa wakizungumza. Msikilizaji hakuombwa aamini, aliombwa atazame. Kazi zao zilitofautiana, hivyo karibu kila aliyeketi alimwona mtu wa aina yake. Sekunde 75 zilizuia majigambo na kuficha udhaifu, kwa sababu hata mzungumzaji wa wastani huweza kusimama imara kwa muda huo. Na waliochaguliwa walikuwa 15 kati ya maelfu. Embe lililowekwa juu ya fungu lilikuwa embe la kweli, lakini mchuuzi ndiye aliyelichagua.

6.0 Kitabu

Mwaka 1934 Leon Shimkin wa kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster alihudhuria kozi ya Carnegie huko Larchmont, karibu na New York. Aliona humo kitabu. Carnegie alisita, na Shimkin akapendekeza mihadhara iandikwe na karani wa hatimkato kisha ihaririwe. How to Win Friends and Influence People kilitoka mwaka 1936. Inafaa kukumbuka kwamba mchapishaji huyo hakuvutwa na barua ya mwandishi wala wakala, alikuwa mwanafunzi. Mamia ya nakala yalitumwa kwanza kwa wahitimu wa kozi, na maagizo yakarudi kwa maelfu. Baada ya hapo ndipo tangazo la magazetini lenye kuponi, lililoandikwa na Victor Schwab, lilipowafikia watu wasiowahi kumsikia Carnegie. Mnunuzi aliweza kukirudisha kitabu asiporidhika. Nakala zilizouzwa tangu wakati huo zinazidi milioni 30, na si ajabu hadi leo kukuta nakala iliyochakaa katika meza za vitabu vya mitumba Nairobi au Dar es Salaam.

Wakosoaji hawakukawia. Sinclair Lewis, mshindi wa Nobeli ya fasihi, alikidhihaki kitabu kwa kufundisha watu kutabasamu na kusifu ili wapate fedha za wenzao, na mwaka 1937 Irving Tressler alitoa kitabu cha mzaha chenye jina lililogeuzwa, juu ya namna ya kupoteza marafiki. Carnegie alikuwa ameandika kwamba sifa za uongo hazifai na kwamba anayesifu lazima amaanishe. Utetezi huo ni wa kweli lakini hautoshi. Kumwambia mtu apende watu kwa dhati kwa sababu upendo wa dhati huleta wateja ni kumweka mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi tena kujua kwa nini anatabasamu. Uhai wa kitabu hautokani na kulitatua tatizo hilo. Unatokana na jambo dogo zaidi: mtu aliyejifunza kusikiliza kwa ajili ya faida amejifunza kusikiliza, na anaowasikiliza hupata nafuu hata hivyo.

7.0 Jina linalokodishwa

Baada ya kitabu, mahitaji ya kozi yalizidi uwezo wa mtu mmoja. Katika miaka ya 1940 Carnegie alianza kutoa leseni kwa watu wengine kuendesha kozi kwa jina lake katika maeneo yao. Mwaka 1944 alimwoa Dorothy Vanderpool, ambaye mwenyewe alikuwa amehitimu kozi hiyo, na baada ya kifo cha Carnegie mwaka 1955 ni mama huyo aliyeiongoza kampuni kwa miongo kadhaa. Wakufunzi walitoka miongoni mwa wahitimu. Ngazi ilikuwa imekamilika: mwanafunzi, shahidi, msaidizi, mkufunzi.

Warren Buffett, mwekezaji wa Omaha, ni mfano wa nguvu ya ngazi hiyo nje ya kampuni. Akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950 alilipa dola 100 kwa kozi kwa sababu aliogopa kuzungumza mbele za watu. Amesimulia mara nyingi kwamba alikuwa amewahi kujiandikisha hapo awali kisha akaizuia hundi yake, na kwamba cheti anachokitundika ofisini ni cha kozi hiyo, si shahada zake za chuo kikuu. Kampuni isingeweza kununua ushuhuda kama huo.

8.0 Kutoka ukumbini hadi kwenye simu

Mmoja wa waliopitia kozi ya Carnegie katika miaka ya 1960 alikuwa Werner Erhard, muuzaji wa magari na baadaye msimamizi wa wauzaji wa vitabu nyumba kwa nyumba. Aliipenda kiasi cha kuwataka wafanyakazi wake waisome. Mwaka 1971 huko San Francisco alianzisha mafunzo yake, est, yaliyofanyika kwa siku za mapumziko ya wiki mbili mbele ya mamia ya watu. Maudhui yake yalikuwa mbali na ya Carnegie. Njia ya kupata watu ilikuwa ileile, ikiwa imekazwa: wahitimu walialikwa kwenye mikutano ya jioni na kuhimizwa waje na wageni, na wageni wakahimizwa kujiandikisha. Hapa ndipo gharama ya mbinu ilipoonekana. Mwokaji mikate wa mwaka 1935 alisimama kueleza kilichomfaa. Mhitimu wa est, kama wakosoaji walivyolalamika, alifanywa aone kwamba kumleta rafiki ni sehemu ya kupona kwake mwenyewe. Ushuhuda ulianza kugeuka wajibu, na rafiki akaanza kugeuka windo.

Thomas Leonard alifanya kazi ya hesabu katika shughuli za Erhard mnamo miaka ya 1980. Baadaye akawa mshauri wa fedha huko San Francisco, na aliona kwamba baadhi ya wateja wake, watu wenye kipato kizuri, hawakutaka tu ushauri wa akiba na kodi. Walitaka mtu wa kuzungumza naye juu ya maisha yao, bila kuwa wagonjwa wanaohitaji tabibu. Mwaka 1988 alianza kozi juu ya kupanga maisha, na mwaka 1992 akaanzisha Coach University. Mwaka huohuo Laura Whitworth, aliyepita katika kozi ya Leonard, alishirikiana na Henry Kimsey-House na Karen Kimsey-House kuanzisha shule nyingine. Upande wa pili wa Atlantiki, John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, alitoa kitabu chake cha ukocha kazini mwaka 1992 pia. Mbegu yake ilitoka katika mchezo wa tenisi, kwa Timothy Gallwey na kitabu chake cha mwaka 1974, na soko lake lilikuwa kampuni zilizolipia wafanyakazi wao. Mkondo huo una historia yake na hautafuatwa hapa.

Kilichomtofautisha Leonard ni chombo. Kuvunjwa kwa ukiritimba wa kampuni ya simu ya AT&T mwaka 1984 kulifungua ushindani, na bei za simu za masafa marefu zikashuka. Leonard alifundisha kwa simu: watu kadhaa kutoka majimbo mbalimbali walipiga namba moja kwa saa iliyopangwa, wakasikiliza na kuulizana. Kocha hakuhitaji ofisi wala mavazi. Mteja wake angeweza kuwa popote. Barua pepe ilipoenea, Leonard alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutuma majarida ya mara kwa mara yenye ushauri wa bure, akiamini kwamba anayepokea kitu cha manufaa bila malipo atakuja kununua kingine. Mazungumzo ya kwanza ya bure, ambayo leo karibu kila kocha huyatoa, ni mtoto wa desturi hiyo. Ni kuonja embe.

Lakini simu iliondoa ule ukumbi. Mteja wa kocha wa simu hubadilika akiwa peke yake, na siri ya mazungumzo ni sehemu ya huduma anayoinunua. Hakuna watu thelathini wa kumshuhudia. Ushahidi ulibaki kuwa maneno ya kocha mwenyewe na sentensi mbili tatu za wateja walioridhika. Kwa hiyo makocha wapya walijikuta na ujuzi wa kusikiliza na hawana wa kumsikiliza. Shule zikaongeza masomo ya kutafuta wateja: kuchagua kundi mahususi la watu, kueleza kazi yako kwa sentensi moja, kumwomba mteja akutajie mwingine. Yalikuwa masomo ya lazima. Yalizaa pia hali ambayo wana fani hawapendi kuizungumzia, kwamba baadhi ya wateja wenye hamu kubwa ya kununua ukocha walikuwa makocha wenzao wanaotafuta wateja. Katika ngazi ya Carnegie, wahitimu wachache tu walipanda kuwa wakufunzi; mwokaji alirudi kuoka mikate. Katika shule za ukocha, kuwa mkufunzi ndiyo bidhaa yenyewe.

Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, ambalo Leonard alikuwa mwanzilishi wake mwaka 1995, lilijaribu kuweka mipaka kwa maadili na vyeti. Makadirio yake yanaonyesha ukuaji wa kasi: makocha wapatao 71,000 duniani mwaka 2019, na wapatao 109,200 kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2023, mapato ya mwaka yakikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 4.5. Idadi ya makocha huhesabika. Idadi ya watu ambao maisha yao yalinyooka haina mahali inapoandikwa, na nchini Marekani mtu yeyote anaweza kujiita kocha bila leseni ya serikali.

Leonard mwenyewe alikuwa ameondoka katika vyombo alivyovianzisha, akaanzisha CoachVille mwaka 2001, na katika miezi yake ya mwisho alihusika na kuundwa kwa chama kingine, IAC, ambacho kingempima kocha kwa kusikiliza vipindi vyake vilivyorekodiwa badala ya kuhesabu saa alizosoma. Watahini wangelisikia darasa lenyewe: swali la kocha, ukimya wa mteja, na jibu lililofuata. Alifariki Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 47, kabla kipimo hicho hakijashika mizizi.